Mpagazi wa Tendaguru mbele ya simu

Swali: "Sisi ni kikundi cha watu saba tunaoendesha makumbusho madogo ya historia hapa Lindi Mjini. Kila Jumamosi tuna maonyesho uani: mzee wetu mmoja huigiza mpagazi aliyebeba mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, iliyochimbwa Tendaguru, mama mmoja huigiza mwanamke wa Kilwa Kivinje aliyenusurika Vita vya Majimaji, na kijana huigiza karani wa forodha wa Mikindani zama za Wajerumani. Shule za Liwale, Nachingwea na Newala zinatuomba, ila nauli ya kuwaleta wanafunzi ni kubwa mno, kwa hiyo tunataka kuyarekodi maonyesho na kuyaweka mtandaoni. Tuna simu janja mbili, kompyuta mpakato moja na mtandao wa kubahatisha. Tuanzie wapi? Na ngoma ya lipiko, ile ya kinyago ya Wamakonde, ambayo hufunga onyesho letu, nayo tuirekodi?" Mwalimu mstaafu, Lindi.

Shikamoo, Mwalimu. Kabla sijagusa habari ya simu na kompyuta, naomba nianze na neno "kuyarekodi", kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tulipojikwaa. Anayetaka kuwapeleka wahusika wa kihistoria mtandaoni kwa kawaida huwasha kamera mbele ya onyesho lilelile la uani, tangu salamu hadi makofi, akiamini kwamba kilichowashika watu mia moja waliokaa kwenye mikeka kitawashika pia watu elfu walioko mbali. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilipokuwa mshauri wa kituo kimoja cha urithi huku Kusini, tulirekodi onyesho la dakika 48 kwa simu tatu, mavazi yote yakiwa yamefuliwa na kupigwa pasi, ambalo nalo lilikuwa kosa, maana sijui mpagazi gani aliwahi kupiga pasi shuka lake la merikani. Tulipokaa kulitazama, upepo wa kusi ulikuwa umejaa kwenye sauti kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa, mhusika alikuwa akizungumza na watu ambao mtazamaji hawaoni, na vicheko vilitoka mahali pasipojulikana. Walimu tuliowatumia walitujibu kwa adabu kwamba ni zuri. Mmoja tu ndiye aliyetuambia ukweli, kwamba kufikia dakika ya saba wanafunzi wake walikuwa wameanza kupiga soga.

Jumamosi ijayo mzee wenu akiigiza, nakuomba usimtazame yeye, watazame watoto. Utaona kwamba anapohadithia huku akizunguka na mzigo wake, nusu yao wanasikiliza na nusu wanachezea mchanga. Kisha mtoto mmoja ananyanyua mkono na kuuliza, "Babu, walikulipa?" Hapo vichwa vyote huinuka, hata vya wale wa nyuma kabisa, kwa sababu sasa hakuna anayejua kitakachofuata, na mtu wa mwaka 1910 anamjibu mwenzao waliyekuja naye kwenye gari moja. Hicho ndicho mnachokimiliki ambacho kitabu cha historia hakina, na kinapotea mara tu onyesho likigeuzwa kuwa video ndefu. Kwa hiyo ninachoshauri mkipeleke mtandaoni kwanza ni yale mazungumzo baina ya mhusika na watoto, mubashara, darasa moja kwa wakati mmoja, na kurekodi kuje baadaye kama tawi lake.

Wenzetu wa ng'ambo walilazimika kujifunza jambo hili kwa haraka. Machi 2020, makumbusho ya Marekani na Uingereza yalipofunga milango kwa ajili ya korona, mji wa kihistoria wa Colonial Williamsburg kule Virginia, ambao kwa miongo mingi umekuwa na waigizaji wanaoishi kama watu wa karne ya 18, uliwaweka wahusika wake mbele ya kamera huku watazamaji wakiandika maswali na kujibiwa papo hapo. Wao wana studio na mafundi wa kulipwa. Nyinyi mna simu mbili, lakini kiini cha kile walichokifanya, yaani mtu wa kale anayejibu swali la leo, hakihitaji studio.

Kipindi chenyewe kisizidi dakika 40, ambazo mwalimu wa sekondari anaweza kuzipata bila kumwomba mwenzake ampishe. Afungue mmoja wenu asiyevaa mavazi ya kale, awaeleze wanafunzi wako wapi kwenye ramani na watamwona nani, kisha aeleze waziwazi kwamba mzee watakayemwona ni mwigizaji na kwamba mhusika huyo ameundwa kutokana na habari za wapagazi wengi. Baada ya hapo mpagazi aingie na azungumze dakika nane tu, akiwa na kitu kimoja mkononi. Dakika zinazobaki ziwe za maswali, isipokuwa tano za mwisho, ambapo mzee avue kofia au ashushe shuka begani mbele ya macho ya watoto na aseme nao kwa nafsi yake: hili tunalijua kwa sababu limeandikwa, hili tumelikisia, na hili nililisikia kwa wazee wangu. Uani kazi hiyo hufanywa na nyinyi nyote bila kujua, mnaposindikiza wageni hadi getini mkiendelea kujibu maswali. Mtandaoni hakuna geti, mtu akibonyeza kitufe ameshatoweka.

Kitu cha mkononi kina uzito kuliko maneno, kwa hiyo kichagueni vizuri. Ninavyomfikiria mpagazi wenu, nisingemkabidhi mfupa wa plasta, maana watoto wataishia kuuliza kama ni wa kweli. Ningempa kasha la mianzi. Kule Tendaguru, mifupa mingi ilifungwa ndani ya vifungashio vilivyoundwa kwa mianzi na kufungiwa kwa kamba, na baadhi ya vifungashio hivyo vimo hadi leo katika makumbusho ya Museum für Naturkunde mjini Berlin bila kufunguliwa. Fundi yeyote wa matenga pale Lindi anaweza kuwasukia kimoja kwa siku moja. Simu ya kwanza imwonyeshe mzee kuanzia kiunoni hadi kichwani, na simu ya pili ifungwe juu ya meza ikitazama chini, ili anapofungua kamba moja baada ya nyingine wanafunzi wa Liwale waione mikono yake, waone fundo linavyolegezwa, na waone udongo uliojazwa pembeni ili mfupa usigongane na mianzi. Uani ni watoto watano tu wa mbele wanaoona hayo. Hapa simu inawazidi, na palipo na faida kama hii itumieni bila kuona haya.

Sasa kuhusu yale atakayoyasema. Mtandaoni mhusika huulizwa maswali makali kuliko uani, kwa sababu darasa huwa limejiandaa na mwalimu wake anasikiliza na kitabu mkononi. Mchagulieni mzee mwaka, tena ikiwezekana mwezi, na msimruhusu auvuke. Uchimbaji wa Wajerumani ulifanyika kuanzia 1909 hadi 1913, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha Hans Reck, baada ya mhandisi Bernhard Wilhelm Sattler kuikuta mifupa hiyo mwaka 1906. Mamia ya vibarua walichimba, na zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Ikiwa mpagazi wenu anaishi mwaka 1911, hawezi kujua kwamba mjusi aliyemsaidia kuondoka atakuja kusimamishwa Berlin mwaka 1937 akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Watoto watamuuliza tu, maana wanajua. Jibu zuri nililowahi kulisikia kwa mwigizaji aliyeulizwa swali la namna hiyo ni, "Mimi mzigo wangu niliutua kwenye gati, nikaona umeingizwa melini. Wewe unayejua uliko, hebu niambie." Mtoto akaanza kumsimulia mzee, na darasa zima likamsaidia. Mwigizaji ambaye angeng'ang'ania kujibu kila kitu asingeyapata hayo.

Kuna hesabu moja ya miaka ambayo naona maonyesho mengi ya Tendaguru huiruka. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, ndani ya mkoa wenu huohuo, vikaisha 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Uchimbaji ukaanza 1909. Maana yake ni kwamba kibarua aliyekuwa na miaka 25 alipobeba mfupa wa kwanza, miaka miwili nyuma alikuwa ama mpiganaji, ama mkimbizi, ama mtu aliyezika ndugu zake kwa njaa. Mwanafunzi mwenye akili atauliza: kwa nini mliwafanyia kazi Wajerumani? Mzee asikwepe, wala asihutubie. Aseme kama mtu mwenye kodi ya kulipa kwa fedha na watoto wa kulisha angesema. Kaeni naye jioni moja mumuulize swali hilo kwa njia kumi tofauti, na mwacheni alijibu kwa Kimwera kwanza ikiwa ndiyo lugha yake, ndipo alirudie kwa Kiswahili, kwani nimegundua kwamba mtu akianza na lugha ya nyumbani hupunguza maneno ya kitabuni.

Jambo jingine katika hilohilo: msimfanye mzee kuwa Boheti bin Amrani. Najua kishawishi ni kikubwa, kwa kuwa huyu alikuwa msimamizi mkuu wa vibarua, jina lake limehifadhiwa, na mwaka 2007 mwanasayansi mmoja alimpa mjusi mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Lakini ukimwigiza mtu halisi mwenye jina, kila sentensi unayobuni inakuwa sentensi yake, na ikishapanda mtandaoni hakuna mwongozaji wa kuisahihisha. Mpagazi asiye na jina la kihistoria anaweza kusema, "mnyapara wetu Boheti alikuwa na jicho, akigusa jiwe anajua kama ni mfupa," na hapo heshima imetolewa bila kumtungia mtu maneno. Kwa sababu hiyohiyo Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa wapiganaji wa Majimaji maji ya dawa, naye aachwe azungumziwe na wengine.

Mama wa Kilwa Kivinje ndiye anayenitia wasiwasi, na juu yake nitakaa kidogo. Uani, mbele ya watu walioketi kimya, mwanamke anayesimulia jinsi alivyomwona mumewe akipelekwa kwenye mwembe wa kunyongea ana ulinzi wa mahali: watu wamekuja kwa ajili yake, wamevua kofia, na wazee wapo. Mtandaoni kuna mtu atakata sekunde 20 za kilio chake na kuziwekea muziki. Colonial Williamsburg waliwahi kuigiza mnada wa watumwa, Oktoba 1994, na malalamiko yalianza hata kabla ya siku yenyewe; mmoja wa waliokuja kupinga alisema baada ya kulitazama onyesho lote kwamba amebadili mawazo. Angalia vizuri kilichombadilisha: alikuwapo, na alitazama lote. Mtazamaji wa simu mara nyingi hayupo na hatazami lote.

Kuna njia ya pili, nami naipenda zaidi kwa mama huyu. Katika makumbusho ya Plimoth Patuxet, Massachusetts, waigizaji wa walowezi wa Kiingereza husema kana kwamba wanaishi karne ya 17 na hawajui lolote la baadaye, lakini wenyeji wa asili wa Marekani, Wawampanoag na wengineo, huvaa mavazi ya mababu zao huku wakisema na wageni kama watu wa leo: "babu zetu walifanya hivi, sisi tunaona hivi." Hawajifanyi wafu. Mama wenu naye avae kaniki, akae kwenye kigoda, na aseme kama mjukuu anayesimulia aliyoyarithi kwa bibi yake, si kama bibi mwenyewe. Akiulizwa kuhusu maji ya Kinjikitile, kama watu waliyaamini kweli, atakuwa huru kusema kinachosimuliwa nyumbani na kinachosemwa na wanahistoria, jambo ambalo mhusika wa mwaka 1906 hawezi kulifanya. Hata kilio, kikija, kitakuwa chake. Kipindi cha mama huyu kiwe cha mubashara tu, na kisirekodiwe mpaka mtakapokuwa mmekifanya mara nyingi na yeye mwenyewe ameridhika.

Karani wa forodha hana shida. Huyu ndiye wa kurekodiwa mapema, vipande vya dakika mbili mbili, mbele ya mlango wa nakshi kule Mikindani au na Boma la 1895 likionekana nyuma yake, akihesabu pembe, mpira na ufuta kwa ukali wa karani. Mwangalieni tu asije akataja shehena za korosho. Nimewahi kumsikia mwigizaji akiorodhesha magunia yake katika mwaka 1900, wakati biashara kubwa ya korosho ilikuja miongo kadhaa baadaye. Mzee mmoja mkulima aliyekuwa amekaa nyuma alicheka hadi akatoka nje.

Kuhusu lipiko, jibu langu ni hapana, na sababu si ya kitaalamu tu. Anayecheza ndani ya kinyago hatakiwi kujulikana, na uani umbali, vumbi na ngoma humlinda. Mvaaji huona kupitia uwazi wa mdomo wa kinyago, na kamera ya simu ya leo, mtu akiisimamisha picha na kuivuta karibu, itamwonyesha macho yake, pengine na kovu la shavu ambalo mtaa mzima unalijua. Tena wenye ngoma ni wengi kuliko kikundi chenu, wakiwamo makungwi na wazee wa jando ambao hawakuwapa ruhusa ya kuirusha dunia nzima. Kama mnataka alama ya kufunga kipindi, wekeni mdundo wa ngoma peke yake, pasipo picha, baada ya kuwauliza wenyewe ni mdundo gani unaofaa kusikika na kila mtu.

Nije kwenye vifaa. Fedha ya kwanza mtakayoipata nunueni maiki mbili za kubana kwenye kola zenye kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo, ndipo mfikirie kitu kingine, kwa sababu darasa huvumilia picha yenye ukungu lakini halivumilii sauti isiyosikika, hasa chini ya bati mvua ikinyesha. Fanyieni vipindi barazani asubuhi, jua linapotoka upande wa baharini likimpiga mzee usoni, nanyi mkiwa mmeipa bahari kisogo. Mkiiweka bahari nyuma yake atakuwa kivuli cheusi. Jueni saa za adhana na saa ambazo bodaboda hupita kwa wingi, na mjipange kuzikwepa. Mwombeni mwalimu wa shule inayopokea awe na spika, na awachague wanafunzi watakaosogea kwenye kompyuta kuuliza mmoja mmoja, maana wakiuliza wote kutoka kwenye madawati hamtasikia ila mngurumo.

Saa moja ya mkutano wa video huweza kula gigabaiti moja au karibu nayo, na hilo shule za vijijini hulihisi mfukoni. Kwa hiyo kila kipindi kiwe na mwenzake wa sauti: mpagazi akijibu swali moja kwa dakika tatu, faili ambalo likibanwa vizuri halifiki megabaiti moja, nalo husambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu hata pale ambapo video haifunguki. Mlitume kwa shule siku moja kabla. Mei 2024 mnaikumbuka: baada ya kimbunga Hidaya mvua iliikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, na kabla mwezi haujafika katikati nyaya za chini ya bahari nazo zikakatika, mtandao ukadorora nchi nzima. Aliyekuwa na faili la sauti ndani ya simu aliendelea kufundisha.

Mambo ya kisheria nitayapita haraka, ila msiyapite nyinyi. Kabla ya kufungua chaneli waulizeni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kuwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, zilizochukua nafasi ya zile za 2018, zinaweza kuwagusa. Nyuso za wanafunzi zisirekodiwe bila ridhaa ya wazazi na shule. Na mzee, mama na kijana waandikiwe makubaliano hata ya ukurasa mmoja, yanayosema kila rekodi itatumika wapi, kwa muda gani, na wao watapata nini ikileta fedha, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki zake, na kwa sababu mtu aliyezoea kulipwa posho ya Jumamosi ana haki ya kuuliza kwa nini sura yake inaonekana Jumapili hadi Ijumaa bila posho.

Limebaki jambo dogo ambalo litawasumbua siku ya kwanza. Mzee aliyezoea nyuso za watu uani akiwekwa mbele ya kijicho cha simu huanza kusema kwa sauti ya mtangazaji wa zamani, au humtazama kila mtu aliyepo barazani isipokuwa simu. Msimfundishe kutazama kamera. Ondoeni watu wote barazani, kisha mleteni mjukuu wake, akae kwenye kigoda nyuma kabisa ya simu, uso wake ukiwa juu kidogo ya kioo, na kazi yake iwe kuyarudia maswali ya wanafunzi wa Liwale kwa sauti yake mwenyewe.